Doto Alizidi

Zilifika Mwaloni ndani ya gunia la mkaa,
shotgani mbili za marisau, za kupigia kwale,
na kibali kimekunjwa kwenye mfuko wa nailoni,
muhuri wake umefifia kama chai ya pili.
Fundi Kashindye akasema: Nipimie, karani,
kabla sangara hawajashuka.

Marehemu Lushinge wa Kisesa
aliziita Kulwa na Doto.
Kwa ubavuni huwezi kuzitofautisha:
fremu ileile, upana uleule wa chuma
pale zinapovunjika katikati,
mti uleule wa kitako, umeng'arishwa na shavu moja.
Kulwa ni geji ishirini.
Doto, ishirini na nane.

Nikasema, basi Doto ndiye mkubwa.
Fundi alicheka hadi kikohozi kikamkamata.
Hesabu hii inakwenda kinyumenyume, akasema:
yeyusha ratili moja ya madini ya risasi,
igawe goroli ishirini zinazolingana,
goroli moja ndiyo tundu la Kulwa.
Igawe ishirini na nane, kila moja inasinyaa.
Hapo nikaelewa. Dagaa ni wengi kwa kilo.

Basi Doto mdogo. Basi Doto mwepesi.
Tuweke elfu mbili? akauliza.
Nikaweka.

Kulwa: kilo mbili na gramu mia saba hamsini.
Doto: kilo mbili na gramu mia nane arobaini.

Nikapangusa magamba kwenye sahani, nikapima upya.
Doto alizidi tena.

Fundi akazivunja zote, akaniambia nichungulie
kuelekea ziwani, kulikoanza kupambazuka.
Kwa Kulwa niliiona boti ya Ukerewe nzima,
na mtu akikojoa nyuma yake.
Kwa Doto niliona bendera tu,
na ukuta wa chuma, mnene, kuizunguka.
Wamevalishwa koti moja, akasema.
Huyu hakuchimbwa sana.
Kisichotobolewa kinabaki, na kinachobaki kina uzito.

Binti wa marehemu, Nyamizi, nesi wa zamu ya usiku,
ndiye aliyemchagua Doto, kwa udogo wake.
Nikauliza kama ataambiwa.
Ataambiwa na mkono wake, akajibu,
akipanda mlima na kanga hawaonekani.
Ila bega halitalalamika: uzito ndio unaomeza teke.
Wapo akina Doto walioshonewa fremu yao wenyewe,
hawafiki kilo mbili na nusu,
unatembea nao kutwa kama umebeba mwavuli.
Halafu unafyatua.
Akajigusa chini ya mtulinga, hakumalizia.

Alichukua elfu mbili yangu, akafunga gunia.
Sikumwambia kwamba mizani hii, tangu masika,
huongeza gramu hamsini kwa kila kitu.
Wachuuzi wanajua, nami najua.
Kulwa iliongezewa, Doto iliongezewa;
tofauti yao sikuigusa.
Niliandika zote mbili kwenye daftari,
safu ya dagaa, kwa kukosa safu nyingine.