Soja wa Lango la Ndani

Mwaka ule, Kileleshwa, nilimzuia mwenye nyumba.
Saa nane usiku, gari si lake,
ndevu kanyoa, sauti ina mafua.
Nikamwambia: sikujui, rudi ulikotoka.
Asubuhi nikapewa mshahara wa siku kumi na moja
na kofia nikaivua mwenyewe.

Leo Daktari Sanaipei ananichorea
nyuma ya karatasi ya maabara:
figo mbili, kama maharage yaliyoungua,
na mfupa.
“Figo hupeleka ujumbe kwenye uboho, Mzee Sikuku:
tengenezeni damu.
Zako zilipochoka tukaleta ujumbe wa kiwandani,
sindano chini ya ngozi ya tumbo,
na kwa miezi minane uboho ulitii.”

Ulitii kweli. Nilipanda ngazi za Pipeline
hadi orofa ya tano
nikibeba mtungi wa maji na maneno bado ninayo.

Kisha tisa ikawa saba. Saba ikawa tano.
Wakaongeza dozi, ikashuka.
Wakanitia madini ya chuma mshipani, ikashuka.
Wakatafuta kidonda tumboni, wakapima choo, malaria, minyoo.
Damu haikuwa inavuja popote.
Ilikuwa haizaliwi.

“Kingamwili zako zimeishuku dawa,” anasema,
“zikaikamata. Na sasa hata ule ujumbe mdogo
ambao figo zako bado hunong’ona
zinaukamata pia. Kwao ni sura moja.”

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga.
Hawakusema kwamba kimevaa sare,
kina rungu na tochi,
na kinaapa kinakulinda.

Nasambu anauliza polepole:
“Ni zile siku mbili stima ilipopotea?
Niliweka vichupa kwenye karai,
nikavifunika leso mbichi.
Maji nilibadilisha, daktari. Hata usiku.”
Daktari anaweka kalamu chini.
“Joto huweza kuibadilisha dawa. Huenda.
Huenda pia siyo.
Nimewaona walioitunza vyema, wakaugua vivyo hivyo.”
Mke wangu anatazama viganja vyake
kama mtu anayesoma risiti.

Sindano imesimamishwa. Zote za ukoo ule.
Juu yangu unaning’inia mfuko wenye namba, hauna jina:
damu ya mtu nisiyemjua kabisa.
Huyu ndiye mgeni hasa,
na ameulizwa kundi tu, akapita.

Jioni naanza vidonge vyeupe.
“Vya kuwafanya walinzi wasinzie kidogo,” anasema Sista Moraa,
nami nacheka mpaka mpira wa damu unatikisika,
mimi, miaka ishirini na sita langoni,
niliyejipaka pilipili kwenye kope nisilale.

Basi sinzieni, vijana wangu.
Wekeni rungu chini.
Aliye nje anayegonga
ni mwenye nyumba.
Ana mafua tu.