Daftari la Boflo

Saa tisa za usiku Wete inanuka hamira yangu.
Nimekanda, nimefunika kwa kanga iliyochakaa,
na unga ukishafunikwa hautaki mtu,
unataka saa moja na kuachwa.
Saa hiyo ndiyo yangu.
Si ya Shaame, aliyelala mkono juu ya uso,
si ya Raya na sare yake ya skuli isiyopigwa pasi,
si ya tanuri, linalosubiri makumbi.
Nakaa juu ya gunia, simu nimeichomeka kwenye mtandio,
taa yake inaangukia kitabu.

Kitabu cha kuazima. Mwalimu Nassra hunipa
kimoja kwa wiki mbili, na kila akinipa hunionya:
"Mize, mafuta!"
Kwa sababu kile cha Mfunguo Tatu
kilirudi na gumba langu ukurasa wa saba,
gumba zima na mistari yake,
kama mtu aliyetia sahihi kwa kutojua kusoma.

Hiki cha sasa kina mjane na nyumba ya urithi,
kina shemeji, maneno ya asali, hati mfukoni.
Juzi usiku mjane kashika kalamu atie sahihi,
nikapindua:
mia na kumi na mbili, kisha mia na kumi na saba.
Majani mawili yamenyofolewa. Panya hachani sawasawa hivi.
Kwenye mia na kumi na saba mjane yuko ugenini,
anamenya muhogo, hana nyumba, anacheka,
wala sijui anachekea nini.

Siku ile nilikuwa nusu mtu.
Boflo za Jadida nimewapa watu wa Limbani,
chenji ya elfu kumi nimeitoa kwa elfu tano.
Shaame akaniuliza, "Una nini?"
"Mjane," nikasema.
"Innalillahi. Kafa nani?"

Usiku nikakanda, nikafunika,
nikachukua daftari la madeni, ndiyo karatasi niliyonayo,
nikaandika: Mjane akaiweka kalamu chini, akamwambia shemeji.
Akamwambia nini?
Nilidhani kuandika ni kusoma, ila unasogeza mkono.
Kumbe kule ni kula, na huku
ni kukoka moto kwa makumbi mabichi:
moshi, machozi, na wenyewe wanasubiri chai.

Tokea hapo nikisoma, kalamu hununa.
Nikiandika, kitabu hunigeuzia mgongo.
Tanuri halina wivu, lina njaa tu.
Jumatano limenila sinia tatu, nyeusi tititi,
nami nimesimama mlangoni natafuta neno
la namna mtu anavyonyamaza kwa hasira.
Raya akaenda skuli na muhogo wa jana.
Neno nililipata. Sijui kama lilifikia sinia tatu.

Ijumaa Shaame kalichukua daftari
atazame nani tunamdai.
Akasoma kwa sauti, sauti ya karani:
"Faki wa Bopwe, boflo kumi na mbili.
Bi Time, sita, kalipa mbili.
Shemeji akatabasamu, mjane akaliona jino lake la dhahabu..."
Akanyamaza.
Nikaendelea kukata matonge, kichwa sikuinua.
Akapindua. Akapindua tena. Chai yake ikapoa.
"Halafu?"
"Halafu nini?"
"Hiyo hati, kaitia sahihi au hakuitia?"
Nikamwambia sijafika, unga umeshaumuka.
Akainuka, mara ya kwanza tangu anioe,
akaenda kulikokea tanuri mwenyewe.

Kitabu nimekirudisha, na majani mawili ndani
yamegandishwa kwa uji wa ngano.
Mwalimu Nassra alitafuta mafuta tu.
Mimi sikukumbuka kutazama upande wa pili wa karatasi.
Kwa hiyo huko, Kipangani au Selem,
yupo mtu anasoma mjane alivyoiuza nyumba yake mwenyewe,
kwa bei aliyoitaka, shemeji akiwa shahidi;
atapindua ajue anaelekea wapi,
naye atakuta Hamad Khatib wa Utaani
ana boflo tisa hajalipa tangu Machi.
Kama anamjua, amwambie.