Mchuja Chumvi

Usiku kucha mtamboni Barka nachunga mishale.
Baa sitini na mbili, salama. Sitini na tano, nainuka.
Sabini, nazima pampu namba tatu bila kumuuliza mtu,
maana bomba haliagi kabla ya kupasuka.
Bahari huingia kali, hutokea kule tamu.
Miaka kumi na tisa mshahara wangu
ni chumvi isiyofika kwenye bilauri za watu.

Asubuhi ile nilitoka zamu nikampeleka mama kliniki,
Bi Thuwaiba, mzaliwa wa Wete,
aliyehamia huku na sanduku moja na mbuzi ya kukunia nazi.
Njia nzima namsomea: mama, papa mkavu yule wa ndooni,
mama, achari, mama, vidonge havina likizo.
Yeye anatazama dirishani, mitende ya watu ikipita.
"Sijisikii kitu, mwanangu. Ningeumwa ningejua."

Kwa Sista Annamma mkono wake ukagoma.
Kitambaa kile, alisema, kinambana kama mdai.
Basi nikapandisha mkono wa kanzu, nikakaa mimi.
"Tazama, mama. Hakiumi."
Kikajaa. Kikashika. Kikashusha pumzi polepole.
Sista akatazama namba, akanitazama,
akasema kwa Kiarabu chake cha Kerala:
tulia, usiseme, dakika tano.
Akapima tena. Kulia. Kushoto.
Mia na themanini na nne,
chini yake mia na kumi na mbili.

"Na yangu?" mama akauliza, mkono keshautoa.
Mia na hamsini, mama.
Akaweka sawa mtandio wake.
"Nyani haoni..." akaishia hapo,
kwa heshima ya Sista, asiyejua Kiswahili hata neno.

Daktari hakunitisha. Alichora.
Namba ya juu ni moyo ukisukuma,
ya chini ni moyo ukipumzika, na wako, Ghalib, haupumziki.
Figo, macho, ubongo: wote wanywa bomba moja.
Nikacheka. Nani wa kunieleza mimi mabomba?
Mimi niinukaye kwa baa tatu za ziada
nimetembea na mshale mwekundu sijui tangu lini,
na kengele haikulia, kwa kuwa hakuna aliyeifunga.

Sasa lipo daftari mezani. Safu mbili: Mama. Ghalib.
Kabla ya kahawa twakaa kimya, migongo imeegama,
miguu chini, mkono usawa wa moyo,
kama watoto wa chuo wanaongoja kusomeshwa.
Jua likipoa twazunguka mtaa,
yeye mbele, mimi nyuma nahema.

Mwezi wa tatu nikasoma mia na ishirini na nane.
Nikakisukuma kidonge kando.
"Ningeumwa ningejua," nikasema,
nikasikia sauti ni ya nani.
Nikakimeza.

Jana zamuni nilifungua chakula:
samaki wa nazi, bizari, ndimu mbili nzima,
chumvi haba hata ulimi ukauliza.
Saa saba za usiku simu ikaita.
"Umekula?"
Nimekula, mama.
"Kile kichupa cha chumvi ulichokificha garini,
nimekiona."