Farasi Kumi Uani

Ililetwa na kanta kutoka hoteli iliyofungwa njia ya Casuarina,
wanaume sita wakaishusha kwa kamba, wakitukana kwa adabu:
tangi la lita mia tano, jekundu, limechujuka upande wa jua,
na ubavuni kibati nilichokifuta kwa kidole na mate.
Farasi kumi. Fezi tatu. Volti mia nne na kumi na tano.
Nikacheka. Mimi Mbeyu wa Maweni,
mpuliza rangi wa milango na vitanda,
ambaye hata punda sijawahi kumiliki.

Chengo, fundi wa stima, akaja na penseli sikioni,
akafungua kisanduku cha mita, akakifunga polepole
kama mtu aliyefunua sufuria ya mwenyeji akakuta maji matupu.
"Dada, nyumba hii ina fezi moja.
Umenunua farasi kumi, una majani ya watatu."

Tukakaa juu ya ndoo za rangi, tukahesabu.
Kuomba fezi tatu: nguzo mbili, waya nne, fomu, mchoro,
mkaguzi atakayekuja Jumanne isiyo na tarehe,
na laki mbili na arobaini kabla sijapuliza hata mguu wa stuli.
"Dizeli," akasema shemeji Tsuma, "dizeli haiombi ruhusa!"
Lakini ukuta wangu ndio ukuta wa Bwana Fumo, mwenye pumu,
na masizi hupenda vanishi mbichi
kuliko nzi wapendavyo shira.

Chengo akaazima kisanduku cha kugeuza fezi
kwa jamaa mwenye mashine ya unga.
Tukajaribu Jumamosi, saa moja usiku. Kosa langu hilo.
Alipobonyeza, farasi waliamka wote kwa pamoja:
taa za kichochoro zikawa njano kama mboni za mgonjwa,
televisheni ya kina Fumo ikazimika mpira ukielekea golini,
na Rukiya akatoka mbio, leso begani, mfuko wa barafu mkononi,
"Mbeyu! Friza yangu imekohoa!"

Friza ile ni karo ya watoto wanne,
barafu za ukwaju, za maziwa, shilingi kumi kumi.
Nikazima. Nikafungua koki, upepo ukatoka ukilalama
mpaka ukaisha.
Aibu haina koki.

Usiku huo niligeuka geuka kitandani.
Ninachotaka ni upepo, si farasi.
Na upepo ukishaingia tangini
nani huuuliza ulikuja kwa mwendo gani?

"Ng'oa mota," nikamwambia Chengo asubuhi.
Akanitazama kama nimesema ng'oa moyo.
"Tangi langu, pampu yangu. Nani ameapa lijae kwa dakika sita?"
Akakuna kidevu, akachora kwa chaki sakafuni:
mota ya farasi watatu, fezi moja, amperi kumi na nne,
puli ndogo, kama kisahani cha kahawa,
gurudumu kubwa lizunguke bila kuhema.
"Ila si pole mno," akaonya, "oili lazima irukeruke ndani,
pampu ikizembea hujila yenyewe."
Na waya mnene, wake peke yake, kutoka kwenye mita,
usipite karibu na soketi ya pasi.

Ile mota kubwa nimeipaka grisi, nimeifunika gunia.
Fomu iko ofisini, imepewa namba. Huenda.
Siku hizi naamka saa kumi na moja alfajiri, naiwasha,
nabandika chai, nasugua kwa mkono
mlango wa mteja wa Watamu, pale penye nakshi
ambapo msasa wa upepo haufiki.
Dakika ishirini na mbili. Mshale unapanda kama mtu mnene ngazini.
Ukigusa nane, swichi hujikata: tak.

Kimya.
Ng'ambo ya ukuta friza ya Rukiya inanguruma,
haina habari.