Thamani ya Kilichomo

Karani wa posta ya Dodoma anauliza: ndani kuna nini?
Kipande cha chungu, namjibu.
Kimevunjika?
Ndiyo. Tangu kabla ya babu wa babu yako.
Ananitazama kama niliyekesha kwenye wanzuki.

Chungu si changu. Ni cha shangazi, Mwanaidi Isere,
na si chake pia. Hilo ndilo lililonipandisha basi alfajiri kutoka Kondoa,
kopo la majani ya chai magotini.

Alizaliwa Haubi, mwaka ambao korongo lilimeza ghala
na uwele wote uliokuwamo.
Mvua ndiyo iliyomfundisha kuchimba:
kila masika ilikwangua udongo mwekundu
ikaacha vigae juu, vimeoshwa,
kama vyombo vya karamu ambayo wageni wake wameondoka bila kuaga.
Mbuzi walivikanyaga. Yeye aliviokota.
Mama yake akasema, mtoto huyu analeta taka nyumbani.

Taka hizo zikampeleka chuo, na chuo kikampeleka mbali,
jangwa la Marekani, kwenye kuta za matope
zenye rangi ya makorongo ya kwao.
Wakamuuliza: umeacha Afrika uje kuwasoma Wahindi Wekundu?
Akasema: wana jina lao. Kisha akasema:
na ninyi kwetu mlikuja, nani aliwauliza?

Huko aliyakuta mahindi kwa wenyewe,
ya bluu, mekundu, meusi kama kwato.
Jiwe la kusagia lilikuwa limeliwa katikati,
kama la mama, upande uleule, mkono wa kulia.
Aliniandikia:
"Tumekula jasho la watu hawa tukaliita la Wahindi.
Mzungu naye akawaita wao Wahindi.
Wote tumekosea jina, na wote tumeshiba."

Halafu siku ile.
Yuko shimoni, brashi mkononi, anafagia paji la uso wa mtu.
Juu yake kasimama bibi mmoja,
Eufemia jina lake la kanisani; la kwao hakulitaja.
"Huyo unayemfagia," akasema, "umembishia hodi?"

Shangazi alifukia shimo kwa mikono.
Profesa alifura. Shahada ikachelewa miaka mitatu.

Alirudi, akachimba Kondoa miaka thelathini na moja:
majiko, ghala, majaa ya kale. Kaburi hata moja.
Kila mlima aliuombea ruhusa kwa wenye mlima,
akakaa chini, akangoja, siku nyingine akanyimwa
na tukarudi na chekeche kavu begani mwangu.
Watu walisema anatafuta rupia za Mjerumani.
Bwana mmoja wa wilaya alikuja na gari kuulizia dhahabu;
akampa kigae akishike.
Kilikuwa na alama ya kidole gumba cha mfinyanzi.
Bwana akaweka gumba lake pale, likaenea.
Akakirudisha haraka.

Miezi miwili kabla ya kufa alinifungulia kopo.
Pamba, na ndani yake hiki: mistari myeusi juu ya weupe,
ngazi ndogondogo, kazi ya mkono usiotetemeka.
"Kilikuwa mfukoni mwa koti. Sikuiba," akasema,
"nilisahau kurudisha."
Akanyamaza mpaka chai ikaota ngozi.
"Ni kitu kilekile."

Mwanamke wa kwanza wa kwetu kwenye kazi ile.
Maneno hayo yalisomwa msibani, kwa kipaza sauti kilichokwaruza.
Mimi nilikuwa nashika karatasi yake mfukoni:
Mrudishie Eufemia. Au mwanawe. Au shimo.

Thamani ya kilichomo? karani anarudia.
Foleni inaguna nyuma yangu.
Kalamu iko juu ya fomu, na mimi niko Haubi,
nahesabu vigae ambavyo mvua bado haijaviosha.

Anaichukua kalamu, anaandika mwenyewe: elfu tano.
Anabandika picha ya glasi yenye ufa.
"Kisivunjike," anasema,
na kugonga muhuri, kwa nguvu.