Rangi Chini ya Bolti

Ta.
Mara moja tu, kavu, kama ulimi wa mtu aliyeudhika,
kisha kimya.
Nazungusha ufunguo tena: ta.
Taa za dashibodi zafifia, zarudi,
jicho la muumini anayesinzia kanisani.

Ni Agosti huku Chubut, baridi imekaza meno,
upepo wateremka kutoka Andes, haubishi hodi kwa mtu.
Kondoo mia mbili na kumi wanangoja majani makavu,
na pikapu ya marehemu baba, ya mwaka sabini na nne,
imekaa mbele ya ghala, imenuna.

Betri nimeshanunua: robo ya pesa ya sufu.
Stata nimeshanunua, imetoka Trelew
kwa basi la Alhamisi, ndani ya sanduku la matofaa.
Mjomba Gwilym alisema kabureta.
Gwilym husema kabureta
hata ng'ombe akikataa kusimama.

Jumapili akaja Ceferina Huenchul,
fundi wa mashine za kukata manyoya, kambi hadi kambi,
kidole gumba kimoja hakina ukucha,
mita yake ya umeme kaivika soksi.
Hakugusa boneti. Akasema, "Piga."
Ta.
"Tena."
Ta.
"Ingekuwa petroli, ingezunguka isishike.
Ingekuwa betri, ingeguna guna kwanza.
Hii nguvu inayo. Haina pa kupita."

Kwenye betri: kumi na mbili nukta sita.
Kwenye stata, mkono wangu ukiwa bado kwenye ufunguo: tano.
"Volti saba zimepotea njiani," akasema,
"tuzitafute kama kondoo, uzio kwa uzio."

Upande wa chanya, waya mnene mwekundu:
sifuri nukta mbili. Hakuna mwizi hapo.
Akahamia hasi, mdomo mmoja wa mita kwenye betri,
mwingine kwenye chuma kitupu cha chasisi.
"Piga."
Nikapiga, nikaona midomo yake ikihesabu.
"Saba. Hizi hapa."

Sikujua, mimi niliyesoma hadi chuo,
kwamba umeme nao unahitaji njia ya kurudi;
kwamba kwenda peke yake si safari.

Spana namba kumi na tatu, mafuta ya kulainisha, tusi moja.
Bolti ikatoka.
Chini yake hapakuwa na kutu.
Palikuwa na buluu.

Buluu ile, nikaketi chini kwenye changarawe.
Mwaka nilioandika kwamba narudi, baba alipaka gari lote
kwa brashi, peke yake, akiwa na miaka sabini na sita,
akavua kila bolti, akapaka chini yake,
akairudisha mahali pake na kuikaza vizuri,
ili nikishuka kwenye basi nisione doa.
Akajifungia umeme nje kwa usafi wake.

Na ile tabia yake, ya kuegesha juu mteremkoni
mbali na nyumba, jiwe chini ya gurudumu,
halafu asubuhi kuiachia iteremke, gia ya pili, klachi, ngurumo:
tulidhani ni uzee.
Miaka miwili. Hakumwambia mtu.

Ceferina alisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa
duara ndogo kama sarafu.
Akapaka grisi, akakaza.
"Piga."
Ikazunguka, ikakohoa moshi mweupe, ikashika,
kuku wakatawanyika, nami nikacheka kwa sauti isiyo yangu.

Malipo? Paja moja la kondoo
na ile stata ya zamani niliyoitupa nyuma ya ghala.
"Ilikuwa nzima," akasema, akiifuta vumbi kwa ile soksi,
wala hakujaribu kuficha furaha.

Majani yamefika malishoni kabla ya giza.
Ile buluu iliyobaki kuizunguka bolti sikuigusa.
Na jioni, sijui kwa nini, nimepita nyumba,
nimepanda hadi mteremkoni, nimezima,
nimeshuka kulitafuta jiwe gizani kwa mguu.
Lipo.