Sahani Isiyoguswa

Chiromo, saa mbili usiku. Jenereta imenguruma mara moja
ikanyamaza. Nimekoroga maziwa ya unga,
yale yale ya dukani kwa Mwololo, ya pakiti ya buluu,
nikauogesha utando usije ukanasa kila kipitacho.

Halafu kingamwili. Tone moja, kodi yangu ya mwezi,
lililotoka kwa sungura wa nchi nisiyoijua.
Haina makuu. Kazi yake ni moja:
kumtafuta kinasi p38 aliyebandikwa fosfeti,
amshike, amng'ang'anie.
Asiye nayo humpita kama hamjui,
ingawa ni yule yule, umbo lile lile,
ila hajaitwa bado.

Sahani ya kwanza niliitia joto, nyuzi arobaini na mbili.
Ya pili niliinyima sukari.
Ya tatu niliimwagia chumvi, seli zikanywea.
Ya nne sikuigusa. Hiyo ni ya kulinganishia,
ya raha mustarehe, ituonyeshe utulivu una sura gani.

Chumba cha giza. Moraa ameshika filamu kwa ncha za vidole.
Mistari inajitokeza kwenye dawa: mmoja, wa pili, wa tatu, mieusi tii.
Na wa nne.
Mweusi vilevile.

"Ulikosea kupima," anasema.
Nimepima protini upya. Nimefungua daftari,
mwandiko wangu mwenyewe ukanikodolea macho:
Jumanne, saa tisa na dakika arobaini, sahani D nje ya kabati la joto.
Kisha pengo.
Kisha saa kumi na dakika tano, imerudishwa.

Ile ilikuwa simu ya Achola kutoka wadini.
Mama hatoki mpaka bili ilipwe.
Nilisimama dirishani nikihesabu nimkope nani,
nani nilishamkopa,
na sahani iko mezani, mwezi wa Julai,
baridi ya Nairobi ikiilamba kitako.

Seli hazijui bili. Hazimjui Achola.
Zilijua tu kwamba joto limeondoka,
na humo ndani mmoja akamgusa mwenzake bega,
naye mwenzake, na mwenzake, hadi kwenye kiini:
kuna jambo.

Kingamwili haiulizi jambo gani.
Huuma penye alama, basi.

Moraa anataka tuitupe filamu.
Naikausha. Pembeni naandika kwa wino usiofutika:
D haikutulia. Rudia Alhamisi.
Simu ibaki kwenye droo.

Nafuta huo mstari wa mwisho kwa spiriti.
Achola hupiga saa tisa.